Alama Kumi na Moja za Mzee Kondo

Kama kuna mtu ambaye Kalunde Mihayo alimchoka hapa duniani, basi ni yule bibi wa kisimani. La kumkera zaidi ni kwamba alimuumba mwenyewe. Miaka tisa iliyopita, alipokuwa bado na imani na kazi yake, alimwandika bibi mwenye kiu akamweka kando ya kisima ndani ya mchezo wa Msafara, ili mchezaji anayepita na wapagazi wake ajiulize: nimpe maji yangu, au niyabane, maana pwani bado mbali? Lilikuwa swali zuri. Siku ile Kalunde alilala usingizi mnono.

Leo bibi huyo ameshakunywa maji ya kujaza bwawa la Igombe. Wachezaji waligundua kwamba kila kibuyu anachopewa kinaongeza alama mbili kwenye Mizani, kipimo cha matendo ndani ya mchezo, na Mizani haichoki kuhesabu. Basi mtu anachoma kijiji asubuhi, anapora ng'ombe mchana, halafu anakwenda kisimani na kukaa hapo akibonyeza kidole huku mkono wa pili unakula chipsi. "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie," anasema bibi. Mara mia tatu. Hata haja ndogo hajaomba.

"Tumtosheleze jamani," Kalunde alikuwa akisema kila mwaka kwenye kikao. "Akinywa mara moja, basi."

Na kila mwaka Rweyongeza, mkurugenzi wa kampuni, alijibu lilelile. "Usiguse alama. Ukizigusa, vyeti vyote tulivyotoa vitatiliwa shaka."

Vyeti! Hapo ndipo roho ya Kalunde ilipochafuka. Mizani haikuzaliwa kutoa vyeti. Ilizaliwa kuufanya mchezo uwe na uzito, mchezaji asipite duniani kama nzige. Ndani ya kofia ya kuchezea mtu aliona barabara, watu, njaa na mvua. Ndani ya glavu mapigo yake ya moyo yalisomwa. Kila alilotenda liligawanywa mafungu matatu, kauli, mwili na mali, likalinganishwa na jedwali la maadili ambalo Kalunde aliliandika kwa mkono wake, mistari elfu sita na kitu. Mwisho ikatoka namba, sifuri hadi mia. Kisha wakubwa fulani wakakaa, wakaona namba inapendeza, wakasema kumbe tabia ya mtu inapimika. Tangu hapo, anayetaka kupewa mtoto wa kulea lazima acheze Msafara saa thelathini na apate alama sitini. Kalunde hakuulizwa. Alipewa ngao ya shukrani, ya plastiki.

Jumanne hiyo, akiwa na kikombe cha chai ya maziwa mkononi, alifungua jalada jipya kutoka Baraza la Malezi, na chai ikampalia. Alama: kumi na moja. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Kulikuwa na bwana mmoja aliyelala usingizi ndani ya kofia saa ishirini kati ya thelathini, na bado alipata thelathini na nne.

Mwenye alama zake aliitwa Kondo Mwinyikambi, miaka sitini na sita, fundi reli mstaafu, mkazi wa Ng'ambo hapahapa Tabora. Alikuwa anaomba apewe amlee mjukuu wake, Mwamvita, miaka saba, ambaye amekaa kituoni tangu mama yake alipofariki mwezi wa tatu. Baba hajulikani alipo. Shauri lingesikilizwa Alhamisi, na mzee akikataliwa, mtoto angepelekwa Katavi kwa mtu mwingine aliyekwisha kupangwa, mwenye alama tisini na moja. Chini ya jalada palikuwa na barua fupi, mwandiko wa kalamu, herufi zimesimama wima kama nguzo za simu: *Naomba aliyetunga mchezo huu anieleze kosa langu, maana mimi sijaliona.*

Kalunde akaweka kikombe chini, akavaa kofia, akafungulia kumbukumbu za mzee.

Kwa saa ishirini za mwanzo hapakuwa na neno. Mzee alitembea, alibeba mzigo wa mpagazi aliyeumia, aligombana na nahodha wa msafara kuhusu chumvi. Kisimani alimpa bibi kibuyu kimoja, akamwambia, "Kunywa taratibu, utapaliwa," akapita zake. Alama mbili. Halafu akafika Kigwa, kwenye msiba.

Msiba ule Kalunde aliukumbuka vizuri. Mchezaji alitakiwa aingie kimya, akae, atoe pole na rambirambi, aondoke. Mzee Kondo aliingia, akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti, "Marehemu kabila gani?"

"Mnyamwezi," akajibu mfiwa mmoja.

Mzee akapiga ukelele wa furaha, akatupa mzigo chini, akakimbia moja kwa moja kaburini na kulala ndani chali. "Hazikwi mtu hapa!" alipaza sauti kutoka shimoni. "Mtumwa wangu amekufa bila kuniaga! Leteni jogoo kwanza!" Walipochelewa, akatoka akamkamata jogoo mwenyewe. Akavaa kofia ya marehemu. Akachechemea, akijifanya ndiye marehemu. Akamwendea mjane pale mkekani akamwambia, "Na wewe unajiliza nini, si jana tu ulikuwa unamwita mvivu?"

Pembeni mwa macho ya Kalunde hesabu ya Mizani ilikuwa inatiririka. Kunajisi kaburi. Wizi. Kumdhihaki marehemu. Kumtukana mjane. Na mwishoni kile kifungu alichojivunia sana wakati anakitunga: moyo wa mchezaji umetulia, mchezaji anafurahia maumivu ya mwenzake, adhabu izidishwe mara mbili.

Mjane naye akalia zaidi, kwa sababu ndivyo alivyoandikwa. Akitukanwa, alie zaidi. Mzee akabaki amesimama mbele yake, jogoo kwapani. Alingoja. Akainama kidogo, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, hucheki?"

Kalunde akavua kofia akaitupa mezani. "Mshenzi mimi!" alisema, na chumba kizima kikageuka kumtazama.

Maana mzee yule ni Mzaramo, mtani wa Wanyamwezi, na Kalunde mwenyewe ni Mnyamwezi. Si wa kusimuliwa. Wa kuzaliwa, Isevya, mtaa wa nyuma ya soko. Baba yake alipofariki, walikuja Wazaramo wawili watani, mmoja akalala kaburini na mwingine akapita kwa wafiwa akidai deni la pombe ambayo marehemu, mlokole, hakuwahi kuinywa. Mama yake alikuwa hajala wala kusema kwa siku nne. Alipoona yule mtani amevaa suruali ya marehemu juu ya yake, akacheka mpaka akakaa chini, na baada ya hapo akaomba uji. Kalunde aliyaona hayo kwa macho yake, akiwa na miaka kumi na tisa. Watani ndio waliochimba kaburi, ndio waliochota maji, ndio walioondoka wa mwisho.

Halafu akaja kuandika msiba wa Kigwa, na watani hakuwaweka. Kwa nini? Kwa sababu mchezo ulikuwa unauzwa nje, na wakaguzi walitaka kila kitu kieleweke na kila mtu. Kwa sababu tarehe ilikuwa imekaribia na mstari wa "heshima kwa wafiwa" ulikuwa mfupi na safi. Akaandika msiba wa watu wasio na kwao, akauita wa Wanyamwezi, akaenda kula.

*

"Andika sabini na moja," alisema Rweyongeza.

Alikuwa amesimama dirishani, anakuna kidevu, mtu mpole ambaye hakupenda makelele na ambaye kwa miaka tisa alimsababishia Kalunde makelele yote aliyowahi kupiga.

"Yaani nighushi."

"Yaani usahihishe. Umeniambia mwenyewe mzee hana kosa. Badilisha kumi na moja iwe sabini na moja, mimi natia sahihi, Alhamisi anachukua mjukuu wake. Nani ameumia?"

"Na Mzaramo mwingine akija? Na Mpare akimtania Mchaga? Na mtu wa kabila ambalo mimi sijui hata wanazikaje?"

"Weka kifungu cha utani."

"Nikiweka, kesho kila mwenye kinywa kichafu atasema alikuwa anatania. Mizani itajuaje? Utani haumo kwenye maneno, Rweyongeza. Maneno ni yaleyale ya matusi. Umo kati ya watu wawili, na mmoja wao mimi nimemwandika awe gogo!"

Kalunde akageuza kioo cha kompyuta yake kumwelekea Rweyongeza. "Tazama huyu. Yule wa Katavi, wa tisini na moja. Nimemfungua asubuhi. Amechoma vijiji viwili. Halafu vibuyu mia tatu na kumi na viwili. Baraza lilishampa mtoto mmoja mwaka juzi."

"Mungu wangu. Kwa hiyo ni mtu mbaya?"

"Sijui!" Kalunde alipiga meza kwa kiganja. "Hicho ndicho ninachokwambia tangu bibi yule alipoanza kunywa! Sijui! Labda alikuwa anacheza tu. Si ndiyo kazi ya mchezo, mtu achome kijiji ambacho hakipo, aone moyo wake unasemaje? Sisi tumemwekea namba usoni. Mtu akishaiona namba haoni tena bibi wala mjane, anaona namba. Toleo la kwanza, unakumbuka, namba ilikuwa imefichwa. Watu walituandikia barua. Mama mmoja wa Nzega alisema alimnyima bibi maji, akarudi nyuma safari ya saa mbili kumpa. Hakuna aliyempa alama. Mchezo ulikuwa mtamu, kwa sababu mtu hakujua anahesabiwa."

"Mauzo yalikuwa nusu ya haya."

"Najua."

Rweyongeza akavuta kiti, akakaa, akasema polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa habari za kipimo. "Nisikilize dada yangu. Ukienda Alhamisi ukasema Mizani haifai, sheria yao iko wazi. Mtunzi akikikana kipimo chake, maombi yote yanasimama mpaka kipatikane kingine. Yote. Pamoja na ya mzee wako. Mtoto haendi Katavi, sawa, lakini haendi Ng'ambo pia. Anabaki kituoni. Mwaka, labda zaidi, unawajua wenyewe. Sasa niambie ukweli: unataka kumsaidia mzee, au unataka kuosha roho yako?"

Kalunde alitamani amtukane, lakini swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

*

Alhamisi alifika Barazani saa mbili kasoro, mkobani ana karatasi mbili. Ya kwanza taarifa iliyosahihishwa, alama sabini na moja, na sahihi ya Rweyongeza yenye mkia mrefu. Ya pili maelezo yake mwenyewe, kurasa tatu, yaliyoandikwa na kufutwa mara sita.

Mzee Kondo alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ukumbini, kanzu imepigwa pasi, mfuko wa karatasi mapajani. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Kalunde alivyofikiri, na viganja vyake vilikuwa vipana, vya mtu aliyeshika nyundo miaka arobaini.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye uliyeniandikia barua. Kalunde Mihayo."

"Marahaba." Mzee alimtazama juu hadi chini. "Mihayo. Mihayo wa wapi?"

"Wa hapahapa. Isevya."

"Mnyamwezi!" Uso ulimfunguka wote. "Nilijua! Nikasema hii hila haiwezi kuwa ya binadamu wa kawaida. Yaani mtumwa wangu ndiye aliyekaa akanipima mimi? Mlikula asali mpaka ikawaziba masikio?"

Kalunde akajikuta anacheka, jambo ambalo hakulitegemea siku hiyo. "Tulikula, na nyie mkabaki mnalamba mzinga."

"Haya, keti. Keti mtani wangu." Akasogea kumpa nafasi. Kisha sauti ikashuka. "Hebu niambie. Yule mjane wenu wa kwenye mchezo. Mbona hakucheka? Nilidhani nimeingia msiba wa watu wengine."

"Nilimwandika vibaya, mzee. Kosa ni langu."

"Basi mwandike upya, yaishe." Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayemwambia fundi akaze msumari. Akafungua mfuko wake akamwonyesha: ndala mpya nyekundu, ndogo. "Nimepima kwa macho. Nikimtembelea kituoni hawaniruhusu kumvua viatu. Unaonaje, zitamtosha? Kitanda nimeshanunua. Chandarua pia. Jirani yangu Mama Shija ameniambia nywele atamsuka yeye, maana mimi nitamwonea mtoto."

Kalunde alizitazama zile ndala. Mguu wa mtoto wa miaka saba hukua upesi. Kwa mwaka mmoja zingekuwa hazimwingii. Alitaka kumwambia kilichomo mkobani, karatasi zote mbili, amwache achague. Lakini hilo nalo lingekuwa kumtwika mzee mzigo wake. Karani akaita majina yao.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Bi Mrutu, alikuwa mama wa Kipare mwenye miwani mikubwa na subira ndogo. Hakupoteza muda.

"Bi Mihayo, wewe ndiye mtunzi wa Mizani. Mwombaji analalamikia alama kumi na moja. Je, alama hiyo ni sahihi?"

"Si sahihi, mwenyekiti."

Mzee Kondo alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaweka mfuko wa ndala mezani, tayari.

"Vizuri. Tunaomba iliyo sahihi."

Mkono wa Kalunde ulikuwa ndani ya mkoba. Vidole viliijua kila karatasi kwa kugusa; moja nyembamba, moja nene. Alifikiri juu ya mtoto aliyekaa kituoni miezi mitano. Halafu alifikiri juu ya mtoto yule mwingine wa Katavi, aliyetolewa kwa vibuyu mia tatu na kumi na viwili vya maji, na wote waliokataliwa ambao hawakuandika barua kwa sababu waliiamini namba kuliko walivyojiamini wenyewe. Akamkasirikia Bi Mrutu kwa kuuliza, Rweyongeza kwa kuwa na hoja, mzee kwa kununua ndala mapema. Akajikasirikia kuliko wote.

Akatoa ile nene.

Alisema yote. Msiba, watani, jedwali, bibi wa kisimani. Alisema kwamba Mizani inaweza kumwambia mtu amefanya nini lakini haiwezi kumwambia mtu ni nani, na kwamba yeye alilijua hilo kwa miaka mitano akalalamika vikaoni tu badala ya kuja hapa. Karani aliandika mpaka akaomba apumzike mkono.

Bi Mrutu akavua miwani. "Unaelewa maana ya maneno yako?"

"Naelewa."

"Vyeti zaidi ya elfu nne. Maombi yote nchini yanasimama leo hii." Akamtazama mzee, kisha Kalunde, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mama wa kawaida. "Bi Mihayo, sijayaandika rasmi bado. Nakupa nafasi. Kwa mzee huyu peke yake, nipe namba moja tu iliyo halali, nimalize shauri lake kabla sijapokea hayo maelezo yako. Namba moja. Ni ngapi?"

Sabini na moja. Lilikuwa neno dogo tu. Ile karatasi nyembamba ilikuwa bado mkobani, na hakuna mtu katika chumba kile ambaye angemlaumu.

"Namfahamu kwa nusu saa," alisema Kalunde. "Namwamini. Ningempa mwanangu mwenyewe. Lakini namba sina, mwenyekiti. Nikikupa namba, nitakuwa nimekudanganya kwamba zipo."

Bi Mrutu alivaa miwani. Akaandika. Akagonga muhuri mara tatu, kila mara kwa hasira. "Maombi yamesimamishwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Mtoto ataendelea kubaki kituoni."

Ilimchukua mzee Kondo muda kidogo kuelewa. Alimgeukia karani, karani akainamisha macho. Kisha akainuka, akakunja mdomo wa ule mfuko wa karatasi mara mbili, kwa uangalifu, akaja mpaka mbele ya Kalunde.

"Nilikuomba mjukuu," alisema, "wewe umenipa hotuba. Mnyamwezi wewe. Ukifa, mimi msibani kwako siji."

Kalunde alimtazama usoni, akangoja. Alijua namna kona ya mdomo inavyocheza kabla ya kicheko kutoka, amekua akiiona. Mdomo wa mzee ulikuwa umefumba. Macho yalikuwa mekundu, lakini hata anayecheka sana macho humwiva. Mzee akageuka, akapita katikati ya viti, akatoka.

Karani aliinua kalamu. "Mama, samahani. Hayo aliyosema mwishoni, kwenye kumbukumbu niyaweke kama utani au kama matusi?"

Bi Mrutu naye alikuwa anasubiri jibu.

"Sijui," alisema Kalunde. Akaacha mkoba mezani na karatasi zake, akatoka mbio kumfuata mzee, akamwulize mwenyewe.